Mchicha Umedumaa kwa Chumvi au kwa Kivuli?

BARUA

Assalaam alaykum Mwalimu, na shikamoo.

Mimi ni msichana wa miaka 22, mkazi wa Kisauni, na niko mwaka wa mwisho wa diploma ya kilimo katika chuo kimoja hapa Mombasa. Nakuandikia saa tano usiku, nyumbani wote wamelala, na mezani kwangu kuna mradi wa utafiti uliorudishwa kwa mara ya tatu. Nimechoka roho, Mwalimu. Leo nimelia.

Mradi wangu unauliza kama maji ya kisima yanadhuru mchicha. Nililichagua swali hili kwa sababu ni letu. Huku kwetu mfereji hutoka siku moja ukakauka wiki, na ukikauka watu hurudi visimani. Maji ya kisima chetu yana chumvi. Sabuni haitoi povu vizuri, na chai yake unaijua kabla hujameza. Mamangu hupanda mchicha kwenye magunia, na kila kiangazi ncha za majani hukauka. Nikasema nitafute ukweli wake.

Nilifanya hivi. Magunia 6 niliyaweka juu ya paa la saruji, nikayamwagilia maji ya mfereji tunayonunua kwa wachuuzi wa mkokoteni. Mengine 6 niliyaweka chini ya mwembe, kando ya kisima, nisipate taabu ya kubeba ndoo. Haya ya pili niliyapanda wiki mbili baadaye kwa kuwa nilikosa magunia. Udongo wa yale ya juu niliununua, mwekundu mzuri, nikauchanganya na mbolea ya mbuzi. Hela zilipokwisha, yale ya chini nikayajaza udongo wa uani na mbolea iliyobaki. Kila asubuhi nilimwagilia kopo moja moja, sikuruka hata siku moja.

Mwezi ulipotimia mchicha wa juu ulikuwa umenawiri. Wa chini ya mwembe ulikuwa umedumaa, na ncha zimeungua. Nikaandika: maji ya kisima yanadumaza mchicha.

Msimamizi wangu alirudisha kazi na maswali matatu: kigeu huru ni kipi, kigeu tegemezi ni kipi na umekipimaje, na vigeu vingine umevidhibiti vipi? Nilijibu kwamba kigeu huru ni mchicha na kigeu tegemezi ni maji, kwa sababu maji ndiyo yanayotegemewa. Akarudisha. Nikabadilisha, maji yakawa huru na mchicha ukawa tegemezi. Akarudisha. Safari hii ameandika mstari mmoja tu: "Bado hujaonyesha kuwa ni maji." Mwalimu, mchicha umekufa mbele ya macho yangu, nionyeshe nini tena?

Na nyumbani pia kuna moto. Kisima ni cha ami yangu, huuza maji yake kwa majirani, na yeye ndiye anayemsaidia baba kulipa karo yangu. Amesikia habari za mradi akaniita sebuleni, akaniambia ninamharibia kisima chake jina. Tangu siku ile hajanisemesha.

Nimebakiwa na miezi miwili. Je, niende kwa mkuu wa idara nikaombe msimamizi mwingine? Na ami nimwambie nini?

Mwenye Magunia, Kisauni

JIBU

Waalaykum salaam mwanangu, na marahaba.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Nianze na lile linalokuliza. Usibadilishe msimamizi. Mtu anayesoma kazi yako mara tatu na kila mara akashika swali lile lile anakutakia kheri, hata kama mwandiko wake mfupi unauma. Angekuwa hakujali angeipitisha tu, ukaja kuulizwa siku ya kutetea mradi, mbele ya watu, huna la kujibu. Nimefundisha baiolojia sekondari miaka 31 na nakuambia kwa moyo wangu wote kwamba swali lako ni zuri kuliko mengi niliyopata kuyasahihisha. Kilichokosekana ni mpango wa magunia, na mpango hupangika upya. Mchicha huvunwa wiki 4 hadi 6 tangu kusia. Miezi miwili inakutosha.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe. Kigeu kimetokana na kugeuka. Ni jambo lolote linaloweza kuwa hivi kwenye gunia hili na vingine kwenye gunia jingine, au hivi leo na vingine kesho: urefu wa shina, saa za jua, aina ya udongo, umri wa mche, hata mkono unaomwagilia. Ukishika maana hiyo utaona kwamba mchicha si kigeu katika jaribio lako, kwa sababu magunia yote 12 yana mchicha. Ungepanda sukuma wiki kwenye baadhi, hapo aina ya mboga ingekuwa kigeu. Kwa hiyo hata ulipogeuza jibu, ukaandika "maji" na "mchicha", bado hukutaja kigeu cha pili. Mchicha una mambo mengi. Ni lipi katika hayo ulilokuwa ukilisubiri ligeuke?

Na neno "tegemezi" limekuteleza kwa sababu ya Kiswahili chenyewe, silaumu. Uliandika kuwa maji ndiyo yanayotegemewa. Ni kweli, na hapo hapo ndipo jibu lilipo. Mtoto tegemezi ni yule anayelishwa. Baba ndiye anayetegemewa. Kigeu tegemezi ni mtoto: hali yake inafuata hali ya mwingine. Kigeu huru ni kile unachokigeuza wewe kwa makusudi, na hakingojei matokeo ya jaribio ili kiwe vile kilivyo. Ukitaka kujipima, jaza nafasi mbili katika sentensi hii: "Nikigeuza hiki, je, kile kitageuka?" Kwako itasomeka: nikigeuza maji ya kumwagilia, je, uzito wa mchicha utakaovunwa utageuka? Maji ya kumwagilia ni huru, uzito ni tegemezi.

Hayo ni majina tu, na majina utayashika kesho asubuhi. Mzigo uko kwenye lile swali la tatu, na hapo nitakaa.

Hebu simama kwenye ngazi, uangalie juu kisha uangalie chini. Juu ya paa kuna maji ya mfereji, na kuna jua la kutwa, udongo mwekundu wa kununua, mbolea ya kutosha na mche uliotangulia kwa wiki mbili. Chini ya mwembe kuna maji ya kisima, na kuna kivuli, udongo wa uani, mbolea ya masazo na mche mchanga. Uligeuza mambo matano kwa wakati mmoja, kisha ukalaumu moja. Ndugu wawili wa kundi moja wakitembea wameshikana mikono kila waendako, utajuaje ni yupi aliyevunja dirisha? Vigeu vya namna hii, vinavyoandamana na kigeu huru na vyenyewe vina uwezo wa kuleta matokeo yale yale, ndivyo vigeu vya kuvuruga, na wewe unavyo vinne.

Kivuli ndicho kinachonitia wasiwasi zaidi. Mchicha uko katika kundi la mimea liitwalo C4, pamoja na mahindi, mtama na muwa. Hii ni mimea inayolipenda jua kali na kulitumia vizuri kuliko mingine mingi, na ukiinyima mwanga hudumaa. Mwembe nao haupukutishi majani yote kama miti mingine, kivuli chake kipo mwaka mzima. Ungemwagilia maji ya zamzam chini ya mwembe ule, nadhani mchicha ungedumaa vile vile.

Lakini ile habari ya ncha zilizoungua nimeiwekea alama. Kivuli hakiunguzi ncha. Chumvi ikizidi udongoni, mizizi hushindwa kuvuta maji hata udongo ukiwa umelowa, na sodiamu na kloridi, ndizo zinazounda chumvi, zikijikusanya kwenye majani huanza kuunguza ncha na kingo. Kwa hiyo huenda hisia yako kuhusu kisima ni sahihi kabisa. Nashuku hivyo. Ila msimamizi wako hawezi kutia saini kwenye kushuku, na wewe hutaki diploma ya kushuku.

Nikupe kisa cha mji wetu wenyewe. Tarehe 7 Aprili 1498 meli za Vasco da Gama zilitia nanga nje ya bandari ya Mombasa. Safari ilikuwa ndefu na mabaharia wake wengi walikuwa wameugua kiseyeye, ule ugonjwa wa fizi kuvimba na kuvuja damu. Mfalme wa Mombasa aliwapelekea kondoo, na machungwa, malimau na miwa kwa wingi. Wagonjwa wakapona. Yule msafiri aliyeandika shajara ya safari ile akashukuru Mungu na kutaja sababu: hewa ya mji huu ni nzuri sana.

Sisi tuliozaliwa hapa tunaupenda upepo wetu, lakini unaona alichofanya? Meli zilipofika Mombasa, hewa iligeuka, mapumziko yaligeuka na chakula kiligeuka, vyote siku zile zile. Akachukua kimoja akakipa sifa yote. Machungwa yalikuwa kwenye kikapu mbele yake. Leo tunajua kiseyeye huletwa na ukosefu wa vitamini C, na hewa haina vitamini C. Ni kosa lile lile la magunia yako, mwanangu, na lilifanywa na mtu mwenye akili zake aliyeona wagonjwa wakipona kwa macho yake, kama wewe ulivyoona mchicha ukidumaa kwa macho yako.

Ilipita karibu miaka 250. Tarehe 20 Mei 1747, daktari wa meli aitwaye James Lind, Mskoti, akiwa ndani ya meli ya kivita ya Uingereza iitwayo Salisbury, alichukua mabaharia 12 wenye kiseyeye. Kumi na wawili, kama magunia yako. Alichagua waliougua kwa namna inayofanana kadiri alivyoweza. Akawalaza mahali pamoja, akawapa chakula kimoja: uji wa sukari asubuhi, mchuzi wa kondoo na vingine vya namna hiyo. Kisha akawagawa wawili wawili, na kila jozi ikapata kitu chake: mvinyo wa tofaa, matone ya asidi, siki, maji ya bahari, mchanganyiko wa dawa wenye kitunguu saumu na haradali, na jozi moja machungwa mawili na limau moja kila siku. Matunda yaliisha baada ya siku 6. Lakini siku hizo 6 zilitosha, mmoja wa wale wawili akawa tayari kurudi kazini.

Nimekisimulia kwa kirefu kwa sababu ndani yake mna majibu yote matatu ya msimamizi wako. Kigeu huru cha Lind kilikuwa kile alichowapa juu ya chakula cha kawaida. Kigeu tegemezi kilikuwa hali ya ugonjwa. Na mahali pa kulala, chakula na kiwango cha kuugua ndivyo vigeu alivyovidhibiti, yaani alivyovishika visigeuke kutoka jozi moja hadi nyingine. Hakuwa amesikia habari ya vitamini. Vitamini C yenyewe ilikuja kutambuliwa katika miaka ya 1930. Vitamini C ndiyo kigeu cha kati, ile njia inayopitiwa kutoka kwenye chungwa hadi kwenye fizi iliyopona. Kwako kigeu cha kati ni ule uwezo wa mizizi kuvuta maji: chumvi inauzuia, nao ukizuiwa mche unadumaa. Hulazimiki kukipima katika mradi wa diploma, ila ukitaje.

Haya, twende kwenye magunia.

Yapeleke yote juu ya paa. Najua ni kazi kupandisha maji ya kisima kila siku, mwombe kaka au binamu. Udongo wote, ule wa kununua na ule wa uani, umwage kwenye turubai moja pamoja na mbolea ya mbuzi, ugeuze kwa sepetu mpaka rangi iwe moja, ndipo ujaze. Mbegu ziwe za pakiti moja na uzisie siku moja. Bakisha idadi sawa ya miche kila gunia, kisha maji yawe kiasi kilekile, saa ileile.

Gunia gani lipate maji gani, piga kura. Andika vikaratasi, vikunje, mtoto mdogo achote. Usipange kwa macho yako, maana utaweka unayoyapenda upande mzuri bila kujua. Hata paa lina pembe zake: kuna upande ukuta unarudisha joto, kuna upande kusi inapiga. Vigeu vya pembeni kama hivyo huwezi kuvidhibiti vyote, na vingine hutavijua kamwe. Kura huvitawanya visiegemee kundi moja.

Sasa kuna jambo ambalo msimamizi wako hajakuuliza, na nataka umtangulie. "Maji ya kisima" si kitu kimoja. Yana chumvi, ndiyo. Yana pia chokaa iliyotoka kwenye mwamba wa matumbawe, ndiyo maana povu linakataa. Na kama kuna vyoo vya shimo karibu, huenda yana naitreti, ambayo kwa mmea ni chakula. Kwa hiyo maji hayo hayo yanaweza kuudhuru mchicha kwa mkono mmoja na kuulisha kwa mkono mwingine. Tengeneza makundi matatu. La kwanza lipate maji ya mfereji, hili ndilo kundi la kulinganishia. La pili maji ya kisima. La tatu maji ya mfereji uliyotia chumvi ya jikoni mpaka yalingane na kisima. Kifaa cha kupima jinsi maji yanavyopitisha umeme kitakuonyesha ulingano huo, na maabara za kilimo huwa nacho. Kwa makisio ya kuanzia, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kwenye lita 5 kinakupa gramu moja hivi kwa lita. Bahari, ili upate picha, ina takriban gramu 35.

Kisima na maji ya chumvi vikidumaza mchicha sawasawa, una haki ya kuishuku chumvi kwa sauti. Kisima kikidhuru kuliko maji ya chumvi, kuna kingine ndani yake. Kikidhuru kidogo kuliko chumvi, ile naitreti huenda inakibeba. Matokeo yoyote kati ya hayo matatu ni matokeo, na kila moja lina la kukuambia.

Magunia manne kwa kundi ni machache. Ukipata mengine 6, yawe sita sita. Na usije ukahesabu miche ukasema una sampuli 60. Miche mitano ndani ya gunia moja inakunywa maji mamoja na kukanyaga udongo mmoja. Sampuli yako ni gunia.

Kuhusu hayo maji ya mfereji ya mkokoteni: umejuaje ni ya mfereji? Mtungi wa lita 20 hauna cheti. Siku ya shida mchuuzi anaweza kujaza popote. Pima kila mtungi, au kinga ya mfereji mwenyewe siku yakitoka, ujaze pipa. Na maji ya kisima yachote kwa siku moja ya wiki, ujaze pipa lake, uyatumie hayo hayo mpaka wiki iishe. Visima vya karibu na bahari huweza kupanda na kushuka pamoja nayo, na maji ya bamvua si sawa na maji mafu. Ukichota kila asubuhi saa moja utadhani umedhibiti, kumbe bahari hubadilisha saa yake kila siku kwa dakika 50 hivi.

Mvua ikinyesha iache inyeshee magunia yote, ila andika tarehe na kiasi. Mvua huosha chumvi udongoni, hivyo madhara ya kisima yanaweza kuwa makali wakati wa kiangazi na kupungua wakati wa masika. Hiki ni kigeu cha namna nyingine tena: hakivurugi, lakini kinaongeza au kupunguza nguvu ya kile unachokichunguza. Mamako alikwisha kukuambia, mchicha wake huungua kiangazi. Liandike hilo kwenye mradi.

Kipimo sasa. Umeandika "umenawiri" na "umedumaa". Hayo ni maneno ya jirani akipita mlangoni. Chukua futi ya kamba ya fundi cherehani, pima kutoka udongoni hadi ncha, kwa sentimita, kila Jumamosi. Hesabu majani yaliyoungua. Siku ya kuvuna pima uzito kwa gramu kwenye mizani. Uone tofauti yake: majani yaliyoungua ni kigeu cha kuhesabika, huwezi kupata majani matatu na robo, urefu na uzito ni vigeu vya kupimika, vinakubali desimali, aina ya maji ni kigeu cha makundi, ni majina tu, hayana wastani. Ukitaka kubaki na nzuri, wastani na mbaya, hizo ni daraja: zina mpangilio, lakini hakuna ajuaye kama hatua ya kutoka mbaya hadi wastani ni sawa na ya kutoka wastani hadi nzuri. S. S. Stevens, mwanasaikolojia wa Marekani, alizipambanua ngazi hizi za kipimo mwaka 1946, na takwimu utakazoruhusiwa kufanya zinategemea uko ngazi gani.

Magunia ya kwanza usiyafiche wala usiyatupe. Yaandike kama jaribio la awali, utaje wazi mambo matano yaliyogeuka pamoja, kisha uonyeshe jinsi la pili lilivyoyatenganisha. Msimamizi akisoma sura hiyo ataona mtu aliyeelewa.

Na ami yako. Mwanangu, ana haki ya kuogopa. Kisima ni riziki yake, na amesikia kwamba binti anayemlipia karo ameandika kuwa maji yake yanaua. Sentensi ile uliiandika kabla hujawa na ushahidi wake, kwa hiyo nenda ukamtake radhi kwa hilo, na umtake radhi kwa dhati kwa sababu ni kweli. Nenda baada ya alasiri akiwa ametulia, umkalie chini. Mwambie unachopima ni mchicha, na kwamba jina la kisima wala la mtaa halitaandikwa popote. Mwombe ruhusa ya pipa moja kwa wiki. Kisha umwahidi kwamba yeye atakuwa wa kwanza kuona namba, kabla ya chuo, ziwe zimemfurahisha au la. Kama kisima kinazidi chumvi ni vyema alijue mapema, maana kisima cha pwani kikivutwa maji kupita kiasi huivuta bahari ndani. Hiyo ni habari ya kumlinda.

Jambo la mwisho nililotaka kusahau. Usipime wewe. Unajua lipi ni la kisima, na jicho lako litalionea au litalihurumia. Yaandike magunia namba 1 hadi 12 kwa rangi ya mafuta, kalamu itafutwa na jua ndani ya wiki. Orodha ya namba na maji mpe mamako aifungie kabatini, na futi mpe mdogo wako asiyejua lolote. Wewe kaa kando na daftari, aseme namba, uandike. Jumamosi ya kwanza ikipita nitumie vipimo vyake, nitavisoma.